Maksai wa dola milioni na maksai wa buchani: mambo ya kujua kabla hujasaini fomu ya mtoto

Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya mifugo ya Houston, maksai mmoja aliuzwa kwa dola milioni 1. Si hadithi, na aliyenunua hakukosea sifuri. Tangu hapo, kila Machi inapofika, habari ile hurudi kwenye makundi yetu ya WhatsApp ikiwa na utani ule ule: "Jamani, tunajiua na zamu za usiku bure, tukafuge!"

Tunacheka, lakini wapo wanaouliza kwa dhati. Kuna wenzetu wenye eka mbili tatu upande wa Needville na Rosharon. Kuna wenye ng'ombe nyumbani, ambao kila mwezi wanamtumia mdogo wao hela ya mashudu. Na kuna sisi wenye watoto wa sekondari hapa Fort Bend, ambao siku moja wanarudi na fomu ya FFA wakitaka mzazi asaini.

Kwangu aliyeleta fomu ni binti wa dada yangu ninayeishi naye hapa Sugar Land. Ana miaka 15, na alitaka kufuga maksai wa maonyesho. Mimi ni muuguzi, si mfugaji, ila nimekulia Meatu, ambako ng'ombe ndiyo benki ya familia. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu nilisoma, nikauliza walimu wa kilimo na wafugaji, nikaenda mabandani kujionea. Nilichojifunza ni hiki: kufuga ng'ombe wa soko na kufuga ng'ombe wa maonyesho ni kazi mbili tofauti, hata kama ng'ombe wenyewe wanafanana. Anayezichanganya hupoteza fedha, au humvunja mtoto moyo.

Tuanze na maksai mwenyewe

Kwa waliokulia mjini: maksai ni dume lililohasiwa. Kwetu Usukumani maksai ni wa plau. Analima, anavuta mkokoteni, na akizeeka ndipo anapelekwa mnadani. Hapa Texas maksai halimi. Amehasiwa akiwa ndama ili atulie na anenepe vizuri, na tangu siku ya kwanza anajulikana ni wa nyama.

Aina utakazoziona ni Angus weusi, Hereford wekundu wenye uso mweupe, Charolais weupe, na machotara wa kila namna. Ukanda huu wa Houston, kwa sababu ya joto na kupe, utaona pia ng'ombe wenye nundu wanaoitwa Brahman. Hao walitengenezwa hapa Marekani kutokana na ng'ombe wa India, na chama cha wafugaji wao kilianzishwa mwaka 1924. Ukipita barabara za Wharton ukawaona wamesimama chini ya mti, unaweza kudhani uko njia ya Shinyanga. Nundu ni ile ile ya zebu wetu. Tofauti ni ukubwa: ng'ombe wetu wengi wa kienyeji wana kilo 200 hadi 350, wakati maksai wa hapa anapochinjwa huwa amefika kilo 600 hivi.

Njia ya sokoni

Ng'ombe wa soko hana jina. Ana namba sikioni. Huzaliwa malishoni, hukaa na mama yake hadi miezi 6 au 8, kisha huachishwa akiwa na kilo 230 hadi 270 hivi. Hapo huuzwa au huhamishiwa malisho mengine akue. Mwishoni hupelekwa kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea, mengi yakiwa kaskazini mwa Texas, upande wa Amarillo na Hereford. Humo hula nafaka na lishe iliyochanganywa kwa miezi minne hadi sita au zaidi. Kila siku huongeza kilo 1 na nusu hivi.

Mfugaji wa soko anaishi kwa hesabu moja: kilo moja ya uzito imenigharimu kiasi gani? Kwa wastani ng'ombe wa zizini hula karibu kilo 6 za chakula kikavu ili aongeze kilo 1. Anayefanya hivyo kwa kilo 5 na nusu ni dhahabu. Anayehitaji 8 ni hasara, hata awe mzuri kama picha. Akiugua mara mbili, faida imekwenda. Mama yake akikosa kuzaa mwaka mmoja, anauzwa.

Baada ya kuchinjwa, maksai wa kilo 600 hubaki na kilo 370 hivi za nyama na mifupa. Kisha mkaguzi wa serikali huangalia mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu na umri wa ng'ombe, akatoa daraja. Ndiyo yale maneno unayoyaona kwenye pakiti dukani: Prime, Choice, Select. Pale mezani hakuna anayeuliza alikuwa na mgongo ulionyooka au alitembeaje.

Kwa sasa soko hili lina neema kwa muuzaji na maumivu kwa mnunuzi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani nzima ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko wakati wowote tangu 1951. Ukame wa miaka iliyotangulia uliwafanya wafugaji wauze hata mitamba. Mwaka huo huo bei ya maksai aliyenona ilipita dola 2 kwa paundi moja ya uzito hai. Ndiyo maana nyama ya pilau imekuwa ghali hivi. Si mwenye bucha aliyeamua tu.

Njia ya maonyesho

Sasa mchukue ndama mwingine kama yule yule. Huyu ana jina. Ananunuliwa akiwa na miezi kadhaa kutoka kwa wafugaji wanaozalisha ndama wa maonyesho tu. Katika Texas, maksai wa maonyesho makubwa lazima aandikishwe ifikapo Juni: anawekewa namba rasmi sikioni na kuchukuliwa sampuli ya vinasaba, ili mtu asije akabadilisha ng'ombe katikati ya safari. Kisha mtoto anakaa naye hadi msimu wa maonyesho, Januari hadi Machi.

Kazi yenyewe ni ya kila siku, asubuhi kabla ya shule na jioni. Kumfundisha kuvaa kamba ya kichwani na kuongozwa. Kumwogesha, kumkausha kwa mashine ya upepo, kumchana. Kumpimia chakula kwa mizani, si kwa ndoo ya kukadiria. Kumfundisha kusimama miguu minne ikiwa mahali pake huku mtoto akimgusa kwa fimbo ndefu. Wakati wa joto la Agosti, wengine huwaweka kwenye vyumba vya baridi. Nilipomsimulia mama yangu kwenye simu, alikaa kimya, kisha akauliza: "Hazai, hakamuliwi, halimi, na anaogeshwa kwa sabuni? Huyo ni ng'ombe au ni mkwe?"

Ulingoni jaji hatumii mizani ya bucha. Anatumia macho na mikono. Anapapasa mgongo na mbavu kujua mafuta yamekaaje. Anaangalia misuli ya mapaja, upana, miguu, mwendo. Hapa Houston maksai hunyolewa manyoya yakawa mafupi kabisa, ili jaji aone mwili wenyewe na si kazi ya kinyozi. Kwingineko manyoya huachwa marefu, na mtaalamu wa mkasi anaweza kumfanya ng'ombe aonekane mnene kuliko alivyo.

Kwa haki, lengo la mwanzo la maonyesho lilikuwa hilo hilo la soko: kumwonyesha mfugaji ng'ombe bora wa nyama anafananaje. Yale ya Fort Worth yalianza 1896. Ya Houston yalifanyika mara ya kwanza 1932, na jina lake wakati ule lilikuwa la maonyesho ya mifugo iliyonona, basi. Mashindano ya kupanda farasi na matamasha ya muziki yalikuja baadaye. Lakini jicho na mizani vikikaa mbali kwa muda mrefu, hupotezana.

Macho ya majaji yalipowapoteza wafugaji

Miaka ya 1940 na 1950, majaji wa Marekani walipenda ng'ombe wafupi, wanene, waliojaa kama kifurushi. Mabingwa wa wakati ule mgongo wao ulifika kiunoni mwa mtu mzima. Wafugaji wakafuata ushindi, wakazalisha wafupi zaidi na zaidi. Matokeo yake ugonjwa wa udumavu wa kurithi ulisambaa kwenye Hereford na Angus. Ndama walizaliwa vibeti, wanakoroma wakipumua, wengi hawakuishi muda mrefu. Kumbe baadhi ya wale "wazuri" walikuwa wamebeba jeni hiyo.

Kisha mkondo ukageuka. Mwaka 1969, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, jaji Don Good wa Chuo Kikuu cha Kansas State alimpa ubingwa maksai chotara wa Charolais na Angus, mrefu na mwenye nyama bila mafuta ya ziada. Baada ya hapo kila mtu akataka warefu, mpaka miaka ya 1980 wakapatikana ng'ombe wakubwa mno waliochelewa kunona na waliokula kupita kiasi. Ikabidi warudi katikati. Mara zote mbili aliyelipa gharama ni mfugaji wa soko aliyenunua madume kwa kuangalia utepe wa ushindi.

Hata leo lipo. Kwenye ukoo wa ndama wa maonyesho kuna ugonjwa wa kurithi unaojulikana kwa kifupi TH. Ndama mwenye ugonjwa huzaliwa na miguu ya nyuma iliyopinda, tumbo halijafunga, hawezi kusimama kunyonya. Ila ndama aliyebeba jeni moja tu ni mzima, na wafugaji wengi waliwapenda wabebaji hao kwa manyoya mengi na mifupa minene.

Familia zetu hesabu hii zinaijua kwa uchungu. Ni ile ile ya selimundu, au siko seli. Mbebaji ni mzima, hana shida. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Tofauti ni kwamba kwa ng'ombe, baada ya kipimo cha vinasaba, mfugaji anaweza kuamua nani apandwe na nani. Wapo wanaosema haidhuru, maksai hazai, jeni inaishia buchani. Ni kweli kwa maksai. Lakini dada zake wanauzwa kama mitamba. Ukinunua mtamba wa ukoo wa maonyesho bila kuuliza kipimo, umenunua kitendawili.

Hesabu ya dola milioni

Turudi kwenye milioni yetu. Jambo la kwanza: ile si bei ya nyama. Ni mchango wa matajiri wa Houston kwa elimu ya vijana, umevalishwa ngozi ya ng'ombe. Jambo la pili: mtoto mwenye bingwa hapati yote. Houston imeweka kikomo cha fedha anazopokea mshindi, na kinachozidi huingia kwenye mfuko wa elimu. Kwa hesabu yao wenyewe, tangu 1932 maonyesho hayo yametoa zaidi ya dola milioni 600 kwa vijana na elimu, na sehemu kubwa ni ufadhili wa masomo. Hilo ni jema, na ni vizuri watoto wetu walijue. Jambo la tatu: bingwa ni mmoja. Huko Fort Worth mwaka 2023 bingwa aliuzwa dola 440,000, naye pia alikuwa mmoja. Watoto wengine wengi hurudi nyumbani bila hata kupata nafasi ya kuingia mnadani.

Sasa tufanye hesabu ya mtoto wa kawaida. Tarakimu hizi ni mfano tu, weka za kwako.

Tuseme ndama amenunuliwa dola 3,000. Wapo wa bei ya chini, na wapo wanaopita 10,000. Anakula kilo 10 kwa siku kwa siku 300, yaani kilo 3,000, ambayo ni zaidi ya mifuko 130 ya paundi 50. Hata kama sehemu ni nyasi kavu za bei nafuu, weka dola 2,000. Ongeza daktari wa mifugo, chanjo, mashine ya kunyolea, feni, usafiri wa trela, ada: dola 1,000 nyingine. Jumla 6,000. Maksai huyo akiwa na paundi 1,300 na soko likiwa dola 2 kwa paundi, thamani yake ni 2,600. Pengo la dola 3,400 linazibwa na bahati ya mnada, au na mfuko wa mzazi.

Maonyesho ya wilaya yana unafuu. Yale ya Fort Bend, yanayofanyika Rosenberg mwishoni mwa Septemba kuelekea Oktoba, wanunuzi ni wenye biashara za hapa hapa, na mara nyingi hulipa zaidi ya bei ya soko ili kumuunga mkono mtoto wa jirani. Mtoto anayeandika barua za kuwaalika wanunuzi, akawapelekea mwenyewe na kuwashukuru baadaye, hupata zaidi ya anayekaa kusubiri.

Kwa hiyo, kama nia ni fedha, fuga ng'ombe wa soko, nunua ndama wa bei ya soko, na hesabu kila kilo ya chakula. Kama nia ni malezi ya mtoto, maonyesho yanafaa, lakini yaandike kwenye daftari la ada ya shule, si la biashara.

Dawa: hapa nazungumza kama muuguzi

Penye ushindani na fedha, njia za mkato hazikosi. Iko dawa inaitwa clenbuterol. Ni ndugu wa salbutamol, ile ya pumu ambayo wengi mmewahi kuvuta. Kwa mnyama hupunguza mafuta na kuongeza misuli, yaani kile hasa jaji anachokipapasa. Miaka ya 1990 ilikamatwa kwenye mifugo ya maonyesho hapa Marekani. Hairuhusiwi kabisa kwa mnyama wa kuliwa, na sababu si urasimu. Mwaka 1990 nchini Hispania zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula maini ya ng'ombe yenye dawa hiyo: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Maini huhifadhi dawa kuliko mnofu. Fikiria bibi mwenye shinikizo la damu aliyepewa maini kwa heshima.

Siku hizi maonyesho makubwa hupima washindi, na anayekutwa na dawa hunyang'anywa kila kitu. Lakini kwa mzazi kuna jambo la kawaida zaidi la kuangalia: hata dawa halali, kama antibiotiki au ya minyoo, ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Zimeandikwa kwenye chupa. Mtoto ajifunze kuandika tarehe, dawa, kipimo, na siku ya mwisho ya kusubiri, kama tunavyoandika wodini. Daftari hilo lina thamani kuliko utepe.

Ng'ombe wa soko nao wasionekane malaika. Vidonge vya homoni vya kukuza, vinavyopandikizwa sikioni, ni halali hapa, ilhali Ulaya ilizuia nyama ya aina hiyo tangu 1989. Hapa vinadhibitiwa kwa kiwango na kwa sheria, ila mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Hii inawahusu pia wenzetu Waislamu wanaokwenda mashambani wakati wa Idi kuchagua ng'ombe wa udhiya. Mnajua masharti: awe ametimiza miaka miwili, asiwe kipofu, kilema, mgonjwa wala aliyekonda, na ng'ombe mmoja anatosha watu saba. Ongezeni swali moja: amepewa dawa gani, lini? Mfugaji mwaminifu atafungua daftari lake.

Nasi tunalo jicho letu

Tusidhani kumpenda ng'ombe kwa uzuri wake ni mambo ya Wazungu. Rwanda walikuwa na inyambo, ng'ombe wa mfalme wenye pembe ndefu, waliofundishwa kutembea kwa maringo mbele ya watu, wakiimbiwa na kupambwa. Ukienda Nyanza kwenye makumbusho ya ikulu ya zamani utawaona hadi leo. Hawakufugwa kwa kilo.

Na sisi tuliozaliwa kwenye mahari ya ng'ombe, je? Wazee wanaposimama zizini kukagua, mmoja mmoja, wakikataa huyu anachechemea na yule amekonda, hao ni majaji. Wanamwangalia ng'ombe atakayezaa, atakayekamuliwa, atakayebaki kwenye ukoo. Wachuuzi wanaokwenda mnada wa Pugu wanamwangalia huyo huyo kwa macho mengine: atatoa kilo ngapi Vingunguti?

Kenya waliliunganisha vizuri. Ng'ombe wa Boran, waliotoka kwa Waborana wa kaskazini, waliboreshwa na wafugaji wa Laikipia, na chama chao cha kuandikisha ukoo kilianzishwa 1951. Boran mzuri lazima apendeze machoni, lakini pia azae mara kwa mara kwenye ukame na apambane na kupe. Akishindwa hayo, uzuri haumsaidii. Ukienda Nanenane ukaona dume limepambwa, muulize mwenyewe maswali ya sokoni: mama yake amezaa mara ngapi? Alikuwa na uzito gani alipoachishwa? Alikula nini? Anayekujibu kwa tarakimu, mnunulie mdogo wako dume hilo. Anayekujibu kwa sifa tu, piga picha nalo uondoke.

Siku ya mwisho, na mtoto

Nimeliacha hili mwishoni kwa sababu ndilo zito. Maksai wa maonyesho naye anachinjwa. Mtoto aliyemwita kwa jina mwaka mzima, aliyemfuta machozi ya nzi, anamkabidhi kamba mtu mwingine, na ng'ombe anapanda lori. Nimewaona vijana wakubwa, warefu kunipita, wamekaa kwenye boksi la vifaa kwenye zizi tupu, wanalia bila kujificha. Baba mmoja alikuwa amesimama kando, hana la kusema, amempa mwanawe kofia yake afunike uso.

Nilimwambia binti yetu ukweli huo wote kabla ya jambo lingine. Akasema, "Mamdogo, kwani bibi anawaita ng'ombe wake majina, na si mnawala?" Nikamwambia ndiyo, tena tunamshukuru. Lakini bibi amezaliwa humo. Ameona ndama akizaliwa na ng'ombe akichinjwa kabla hajaota meno ya utu uzima. Wewe nyama umeijulia kwenye pakiti. Fikiri wiki mbili, kisha uniambie.

Alifikiri. Akampigia bibi yake mwenyewe. Aliporudi, alisema anataka mtamba. Wengi hatujui kuwa njia hiyo ipo: mitamba ya kuzaliana hushindanishwa pia, lakini baada ya maonyesho hurudi nyumbani, hupandwa, huzaa. Hakuna mnada wa dola milioni, na gharama haikomi siku ya maonyesho. Lakini ng'ombe anabaki. Bibi yake alifurahi mno. Alisema sasa angalau kuna akili.

Simaanishi maksai ni chaguo baya. Nimeongea na wasichana waliomfuga na kumwacha aende, wakasema wamejifunza kutotupa chakula maisha yao yote. Kila mtoto na moyo wake. Ubaya ni mtoto kuyajua mambo haya siku ya lori.

Kabla ya kusaini, uliza

Ng'ombe atalala wapi? Shule nyingi za hapa zina mabanda ya pamoja kwa wanafunzi wasio na shamba. Uliza kama nafasi ipo, na nani atampeleka mtoto alfajiri wewe ukiwa zamu.

Huu ni mradi wa kuishia kuchinjwa au wa kuzaliana? Hakikisha mtoto amejibu yeye mwenyewe, kwa maneno yake.

Fedha zinatoka wapi? FFA ipo tangu 1928, na 4-H huwapokea hata wa darasa la tatu. Zote zina njia za kumsaidia mtoto. Houston pia ina mchezo wa kukimbiza ndama uwanjani tangu 1942: anayemkamata hupewa cheti cha kununulia mfugo, na lazima aandike ripoti kwa mfadhili wake kila mwezi.

Kama ni mtamba, vipimo vya magonjwa ya kurithi viko wapi? Omba karatasi, si maneno.

Nani anaandika daftari la dawa?

Na kama hajisikii kuanza na ng'ombe, kuna mbuzi, kondoo, sungura na kuku. Huliwa kidogo, huanguka kidogo, na huwafundisha yale yale. Sisi wengi tulianza na kuku wa bibi, tukapewa mmoja wa kwetu, tukahesabu mayai yake.